Kuhama Tabata kwenda Dodoma: vyumba vitatu ndani ya Canter moja

Kaya ya kisa hiki ni ya watu watano: baba, mama, watoto wawili wa shule ya msingi na mdogo wake mama. Walikuwa wamepanga nyumba ya vyumba vitatu na sebule huko Tabata, Dar es Salaam, mama akapata uhamisho wa kikazi kwenda Dodoma. Tangu Serikali ianze kuhamia huko kwa kishindo mwaka 2016, safari hii imekuwa ya kawaida mno, na dalali wa magari ya mizigo anakutajia bei yake papo hapo kwenye simu. Walihama katikati ya Desemba ili Januari watoto waanze mwaka wa masomo wakiwa shule mpya. Kwa shule ni mwezi mzuri. Kwa magodoro na masofa si mzuri hata kidogo, maana Desemba ndipo mvua za Dodoma zinapoanza.

Kilichotuvutia katika kisa hiki ni jinsi hasara ilivyojigawa. Maboksi 40 ya sahani za udongo, glasi, vikombe, chupa za chai, vitabu na makorokoro mengine yalifika, na hasara yake ni kikombe kimoja kilichokatika mkono. Lakini TV ya inchi 43 ilifika imepasuka kioo, sofa la watu watatu limelowa na kuchanwa na kamba, kabati la nguo la MDF (mbao za unga wa miti uliogandamizwa kwa gundi) limelegea hadi milango haifungi, na friji ilinguruma usiku kucha bila kugandisha. Yaani vya kuvunjika vilipona, vikubwa vikaumia. Mzizi wa yote hayo ulipandwa wiki nzima kabla ya safari, pale gari lilipochaguliwa kwa tani.

Tani hazikuwa shida

Dalali aliuliza nyumba ina vyumba vingapi, akaambiwa vitatu, akasema: "Canter ya tani tatu na nusu inatosha, mama, na nafasi inabaki." Kwa uzito alisema kweli, kwani mali yote ya kaya hii haikuzidi tani 2. Ila mzigo wa nyumba hujaza gari kabla ya kulilemea. Anayebeba mahindi ahesabu tani. Anayebeba nyumba ahesabu mita za ujazo.

Bodi ya Canter ile ilikuwa na urefu wa mita 4.3 na upana wa mita 1.9. Mzigo ukiruhusiwa kupanda mita 2 kutoka sakafuni, unapata mita za ujazo 16 na kidogo. Sasa chukua futi kamba ya fundi cherehani upime vitu. Seti ya sofa ya watu saba (la watatu, la wawili na mawili ya mmoja mmoja) peke yake inakula karibu 5. Godoro la sita kwa sita la inchi 8 ni 0.7, na mawili ya nne kwa sita ni 0.9. Maboksi 40 yenye ubavu wa sentimita 40 ni 2.6. Mabegi 12 ya shangazi kaja ni 1.4, meza ya chakula na viti vyake sita 1.5, friji 0.7, tenki la maji la lita 500 kama 0.8. Jiko la gesi la kusimama na mashine ya kufulia, 0.6. Vitanda na makabati mawili yakishafunguliwa, 1.1. TV na stendi yake 0.6, kisha ndoo, mabeseni, kinu, jiko la mkaa na masufuria ya shughuli, 0.8. Jumla ni 16.7 hivi, na hapo hatujahesabu mapengo. Hata makuli hodari huacha mapengo yanayofika sehemu ya tano ya mzigo, kwa hiyo mahitaji halisi yalikuwa mita za ujazo 20.

Pengo la mita 4 za ujazo ni kama seti nzima ya sofa kukosa pa kukaa. Fuso yenye bodi ya mita 6 kwa 2.3 ingebeba yote bila kuvuka kimo cha mita 2, na ingebaki nafasi. Ni kweli bei yake iko juu, lakini kwa njia hii ya Dodoma kuna Fuso na magari makubwa zaidi yanayoshusha mahindi ya Kibaigwa kwenye masoko ya nafaka ya Dar, Tandale na Manzese, kisha yanatafuta mzigo wa kurudi nao. Hayo hukubali bei ya chini kuliko gari la kukodi kwenda na kurudi. Sharti lake ni moja: bodi ifagiliwe na kutandikwa turubai chini kabla ya godoro kuingia, kwa sababu vumbi la mahindi huja na fukusi wake.

Njia nyingine ilikuwa kuuza seti ya sofa Tabata na kununua nyingine Dodoma. Sisi tungeshauri hivyo kwa sofa yoyote ambayo sponji yake imeshalala. Sofa la namna hiyo linachukua karibu theluthi ya gari na thamani yake haifiki theluthi ya nauli.

Maboksi yalivyofungwa

Tuanze na kilichofanyika vizuri, kwa sababu mdogo wake mama alifanya kazi ya fundi. Vitabu aliviweka kwenye maboksi madogo ya sabuni, hakuna lililozidi kilo 18. Boksi kubwa la tishu likijazwa vitabu, chini hufumuka likiwa mabegani mwa kuli. Kila boksi lilipigwa selotepu pana chini mara mbili kwenye ufa, kisha mstari mmoja kila upande kuziba ncha za ufa huo. Wengi hupiga mstari mmoja tu katikati, na boksi linafunguka kwenye kona.

Sahani alizisimamisha kwa ukingo, hakuzilaza. Zikilazwa, ya chini inabeba uzito wa zote, na gari likipiga tuta ndiyo inayopasuka. Zikisimamishwa, kila moja inajibeba. Kila sahani ilivikwa kurasa mbili za gazeti, chini ya boksi kukawekwa gazeti lililofinyangwa la unene wa vidole vinne, na juu vivyo hivyo. Vikombe na glasi vilijazwa karatasi ndani kabla ya kuvikwa nje. Kikombe kilichokatika mkono ndicho pekee ambacho mkono wake uliachwa bila kuzungushiwa karatasi.

Kabla ya kufunga boksi alilitikisa. Ukisikia kitu kinahama ndani, fungua ujaze. Kwa kujazia alitumia soksi, mataulo na kanga, vitu ambavyo vingesafiri vyovyote iwavyo. Tenki la lita 500 alilijaza mito na midoli kupitia mdomo wake, ngoma ya mashine ya kufulia akaijaza mataulo ili isichezecheze. Namba iliandikwa kwa makapeni kwenye pande mbili za ubavu, kamwe si juu, maana maboksi yakipangana juu hapaonekani. Kwenye daftari kila namba ikawa na chumba inakokwenda na vitu vitatu vikuu vilivyomo, na inatosha; orodha ya kila kijiko haimalizwi na mtu.

Chupa ya mafuta ya kula iliyobaki nusu ilitolewa kifuniko, mdomo ukawekwa kipande cha nailoni, kifuniko kikarudishwa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko Dar, hivyo hewa iliyofungiwa kwenye chupa hutanuka njiani na kusukuma mafuta nje. Shampuu na losheni zilifungwa vivyo hivyo.

Asubuhi ya kupakia

Gari lilifika saa 2 asubuhi. Maboksi yalikuwa yamepangwa sebuleni karibu na mlango, kwa hiyo ndiyo yaliyoingia kwanza. Kosa la kwanza la siku hilo. Makuli watabeba kilicho karibu, wala huwezi kuwalaumu. Mwenye mzigo ndiye anayepaswa kuupanga ndani ya nyumba kwa mfuatano wa kupakia: vikubwa vya kusimama kwanza, vikae vikiegemea kichwa cha gari. Friji, kabati, mashine ya kufulia, jiko. Kisha maboksi mazito sakafuni, mepesi juu yake, magodoro yakisimamishwa kama kuta kati ya safu na safu.

Saa 4, kabati la MDF lilikataa kufunguka. Fundi aliyeliunganisha aliweka gundi nyeupe kwenye kila kiungo pamoja na skrubu. Mpango ulikuwa lilale bapa na kuchukua 0.3 ya mita ya ujazo. Sasa likabaki zima, mita 1.8 kwa 1.2 kwa 0.55, karibu 1.2. Hilo lingejulikana mapema kwa kutoa skrubu moja tu na kujaribu kutikisa ubao. Kitanda cha mninga kilifunguliwa bila shida: chaga zikafungwa fungu moja, mbao za pembeni zikaandikwa kwa chaki "kushoto" na "kulia", bolti na nati zake zikatiwa kwenye nailoni iliyobandikwa kwa selotepu kwenye ubao wa kichwani. Bolti zikisafiri kwenye mfuko wa suruali wa fundi, zinabaki Dar.

Kufikia saa 6 mchana sakafu ya gari ilikuwa karibu kujaa, na vilivyobaki nje ni friji, kabati, TV, godoro kubwa na masofa. Kabati likasimamishwa karibu na mlango wa nyuma, milango yake ikielekea nyuma. Friji ikalazwa juu ya maboksi. Godoro la sita kwa sita likasimamishwa nyuma ya kabati, TV ikachomekwa kati yao. Sofa la watatu likapanda juu ya kabati na maboksi, mzigo ukafika kimo cha karibu mita 2.9. Utingo akapitisha kamba za manila juu ya sofa akazivuta kwa mguu.

Gari liliondoka saa 9 alasiri. Mama na watoto walikuwa wameshatangulia kwa treni ya SGR, ambayo imekuwa ikifika Dodoma tangu mwaka 2024, wakiwa na begi la vyeti, kadi za kliniki na dhahabu. Hapo hawakukosea: vitu vya namna hiyo havipandi lori. Baba alikaa mbele na dereva, mkononi ana barua ya serikali ya mtaa yenye orodha ya vitu vikubwa, ya kuonyesha askari akiuliza mzigo ni wa nani.

Njiani: kamba juu ya kitu laini

Kamba ikipita juu ya sofa, hukaza kwa dakika chache tu. Sponji inashuka, mtikisiko unaisaidia kushuka, kamba inalegea. Utingo aliona hivyo kwenye foleni ya mizani ya Vigwaza akakaza. Mizani ya Mikese, karibu na Morogoro, akakaza tena. Kila alipokaza, sofa lilisukumwa chini juu ya kona ya kabati. Kabati la MDF halina mifupa. Kinacholizuia kupinda ni ubao mwembamba wa mgongoni, uliopigiliwa misumari midogo. Kona moja ilipobanwa kuliko nyingine, kabati likajipinda, misumari ya mgongoni ikachomoka mmoja mmoja kuanzia juu. Kuanzia hapo likawa linayumba na gari.

Nalo lilipoyumba kwenda nyuma, likaikuta TV. Wazo la kuisimamisha TV kati ya godoro na kitu kigumu ni zuri. Haifai kulazwa, kwa sababu kioo chake chembamba hudunda katikati kila gari linapopiga shimo. Lakini uso wa kioo ulielekezwa kwenye kabati, na mlango wa kabati ulikuwa na kishikio cha chuma kilichojitokeza kama sentimita 2.5. Blanketi moja lililoizungushia TV halikufika hata sentimita 1 likibanwa. Ilipofunguliwa Dodoma, ufa ulianzia kwenye nukta moja ndogo kama kichwa cha njiti, ukachanua pande zote. Ukipima kutoka sakafuni, nukta ile ililingana sawasawa na kishikio. Ikiwashwa, pale pana doa jeusi na mistari ya rangi inayoshuka hadi chini. Kioo cha namna hiyo hakitengenezwi, na bei ya kukibadilisha hukaribia bei ya TV mpya.

Ingeponaje? Kipande cha plaiwudi, au boksi nene lililokunjwa mara mbili, likatwe kwa ukubwa wa TV na kukaa mbele ya kioo likibanwa na fremu, bila kugusa katikati. Kisha blanketi. Kisha uso uelekee godoro, mgongo uelekee kabati. Na kishikio cha kabati kinatoka kwa skrubu mbili.

Mvua iliwapata Gairo. Turubai lilikuwa mita 4 kwa 5. Mzigo ungekuwa tambarare kwa kimo cha mita 2, lingeshuka mita 1 kila ubavu na kutosha kwa shida. Lakini nundu ya sofa ililila lote, na ncha za mkono wa sofa zikabaki nje. Maji yaliingia kwenye sponji upande mmoja, na pale kamba ilipopita juu ya mkono huo, kitambaa kilicholowa kikachanika hadi kwenye mbao. Kwa Canter, turubai la mita 6 kwa 5 ndilo la kudai, na likaguliwe kwa kuliinua juani. Tundu lolote linaonekana kama nyota. Kamba nazo zipite juu ya kitu kigumu, ubao wa kitanda kwa mfano, na kila inapopinda kwenye kona iwekewe kipande cha tyubu ya tairi au boksi lililokunjwa.

Mtungi wa gesi wa kilo 15 haukupakiwa, na ni uamuzi tunaouunga mkono. Ulikuwa na gesi kidogo, wakamwachia jirani kwa makubaliano. Anayelazimika kuusafirisha autoe regyuleta, akaze vali, arudishe kifuniko cha plastiki, na mtungi usimame wima kwenye bodi ya wazi. Chini ya turubai lililofungwa kila upande si mahali pake.

Saa 7 usiku

Kuondoka saa 9 alasiri kwa safari ya kilomita 450 kulimaanisha kufika saa 7 usiku. Mzigo ukashushwa kwa tochi za simu. Makuli wa Dodoma hawakuwa kwenye makubaliano, dereva akasema yeye ni wa kuendesha tu, na utingo akataka chake. Haya yote huandikwa kabla gari halijawashwa: nani anapakia, nani anashusha, gari likilala nani analipa. Picha ya namba ya gari na leseni ya dereva ipigwe siku hiyo hiyo.

Boksi namba 1 ndilo lililookoa usiku. Lilipakiwa la mwisho: mashuka, vyandarua na kamba zake, misumari na nyundo, sufuria mbili, birika, majani ya chai na sukari, sabuni, kopo la chooni, taa ya kuchaji, bisibisi na plaizi, na karatasi yenye namba ya mita ya LUKU ya nyumba mpya. Namba hiyo waliiomba kwa mwenye nyumba mapema, wakanunua umeme wakiwa bado Dar. Uniti zilizobaki kwenye mita ya Tabata hazihamishwi, kwa hiyo wiki ya mwisho nunua kidogo kidogo.

Ndipo ikaja friji. Ilikuwa imesafiri imelala zaidi ya saa 10, na ikawashwa usiku ule ule. Kompresa ina oili yake chini. Friji ikilazwa, oili hiyo husafiri kwenye mabomba ya gesi. Ikiwashwa mara tu baada ya kusimamishwa, kompresa inazunguka ikiwa na upungufu wa oili, huku oili iliyoko kwenye bomba jembamba ikizuia gesi kupita. Inanguruma, inapata moto, haigandishi. Bahati yao, asubuhi saa 1 baba aliichomoa. Ilisimama wima bila umeme saa 24, ikawashwa tupu, na baada ya saa chache ikaanza kupoza. Si kila kompresa hustahimili. Friji isimame safari nzima. Ikibidi kuinama isizidi nyuzi 45. Na iliyolala ipumzishwe wima angalau saa nyingi kama ilizolala, ikiwa ya zamani siku nzima. Kabla ya safari huzimwa siku moja nyuma ili barafu iyeyuke na maji yafutwe, rafu za vioo hutolewa na kufungwa peke yake, mlango hufungwa kwa kamba laini, si kwa selotepu inayobandua rangi.

Sofa lilitolewa kitambaa upande uliolowa siku hiyo hiyo ya kwanza, likakaushwa kivulini penye upepo siku tatu kabla ya fundi kulishona. Likiachwa na kitambaa chake, sponji inaoza kwa ndani na harufu haitoki.

Kabati lilitengenezeka. Lilisimamishwa sakafuni kwenye usawa, likanyooshwa kwa kupima kona mpaka kona: vipimo viwili vya mshazari vikilingana, limenyooka. Ubao wa mgongoni ukarudishwa kwa skrubu fupi za milimita 16 kila baada ya sentimita 15, badala ya misumari. Matundu ya bawaba yaliyolegea yalijazwa vijiti vya kiberiti vilivyochovywa gundi nyeupe, vikakatwa usawa wa ubao, na skrubu hazikurudishwa hadi kesho yake.